Kabla hujapiga picha ndani kwenye mwanga hafifu

Betri mbili zilizojaa, si moja na nusu. Kamera ndogo isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) huwasha sensa na skrini muda wote unapolenga, hata kabla hujabonyeza, ndiyo maana betri yake moja mara nyingi huishia kwenye picha 300 hivi. Kadi iwe tupu. Lenzi ifutwe, kwani alama ya kidole isiyoonekana mchana hugeuza kila balbu kuwa doa la ukungu usiku. Piga RAW, yaani faili ghafi ya sensa ambayo kamera haijaichakata. Hayo hayana mjadala.

Lenzi yenyewe ndiyo yenye mjadala. Ile iliyokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, kwa kawaida hufunguka f/5.6 tu (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi hupita). Lenzi isiyovuta ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi, kwa hiyo chumba kilichokulazimisha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ya 6400 kinatosheka na 640. Ila ukisogea karibu, f/1.8 huyafanya macho yawe makali na kuyaacha masikio kwenye ukungu. Watu wakiwa wawili, wapange bega kwa bega au funga hadi f/2.8.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, uipange kwa kumwangalia unayempiga. Aliyetulia, 1/60 ya sekunde. Anayeongea, 1/125. Mtoto anayekimbia, 1/250 kwenda juu. Kile kifaa cha ndani cha kuzuia mtikisiko hutuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto. Weka ISO ya otomatiki, kikomo 6400, kasi ya chini kabisa 1/125, kisha acha kuogopa chengachenga, zile punje zinazotokea picha ikipigwa kwa ISO kubwa. Chenga programu itazipunguza. Sura iliyoburuzika haina dawa. Na anayeshusha ISO akapiga picha ya giza ili aiangaze baadaye, chenga atazikuta zilezile, pengine na zaidi.

Sasa kagua shata ya kimya (ya kielektroniki, isiyo na mlio) kabla ya kitu kingine chochote, maana hii huharibu shughuli nzima na mpigaji asijue mpaka afike kwenye kompyuta. Wengi huiwasha kwa adabu, kamera isibofyebofye watu wakiwa kimya. Kwenye skrini ndogo picha zinaonekana safi. Zikikuzwa, ukuta mweupe una michirizi ya kulala, paji la uso limeng'aa, kidevu kina kivuli cha njano, na picha inayofuata michirizi imehama. Huwezi kuisafisha kwa kuongeza mwanga, kwa sababu kila mchirizi una rangi yake.

Sababu yake ni hii. Taa nyingi zinazotumia umeme wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Shata ya kielektroniki haichukui picha yote kwa mpigo mmoja, husoma sensa mstari kwa mstari. Kamera inayomaliza kusoma kwa 1/20 ya sekunde itapitiwa na mapigo matano ya taa, na ukiwa kwenye 1/500 utapata michirizi mitano. Ukishuka hadi 1/100, kila mstari unapokea pigo moja kamili na michirizi inapotea. 1/50 pia inafaa. Kwenye umeme wa 60 Hz, kama Marekani, tumia 1/60 au 1/125.

Shata ya kawaida ya mapazia hupita haraka zaidi, lakini nayo haijasalimika. Ukifyatua mfululizo kwa 1/500, picha moja hutoka nyeupe, ya pili njano, ya tatu nusu giza. Hapo washa kipengele cha kuzuia kupepesa kwa taa kama kamera inacho: husubiri kilele cha mwanga ndipo ifyatue, hata kama mfululizo utapungua kasi kidogo. Taa za LED zilizofifishwa kwa swichi ni kiburi zaidi, kwani nyingi hupepesa kwa kasi nyingine kabisa. Omba ziwashwe hadi mwisho. Kisha piga picha tano za ukuta mtupu, zikuze, tazama. Dakika moja tu.

Rangi: balbu ya njano ni kama 2700 K (Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa dirishani 5500 K hivi. Vikikutana usoni, shavu moja chungwa na jingine buluu. Zima taa au funga pazia, uchague kimoja.

Usiuamini mng'ao wa skrini ndani ya chumba cha giza. Picha ya giza huko huonekana imekaa sawa. Soma histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha. Balbu au dirisha likiwa nyuma ya mtu, ongeza mwangaza hadi +0.7 au +1 kwenye mpangilio wa +/- wa kamera.

Fokasi iweke kwenye nukta moja, na uilenge penye ukingo: kola, fremu ya miwani, mpaka wa nywele na paji. Kwenye shavu laini itahangaika tu. Flashi, ukiwa nayo, ielekeze kwenye dari jeupe, na ukumbuke kwamba kwa kamera nyingi haiwaki shata ikiwa ya kimya.

Zima mlio wa fokasi. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la unyevu, iache kamera ndani ya begi lake kwanza, la sivyo lenzi itajaa umande. Na lenzi usiibadilishie chini ya feni.