Kuvuka milima ya jangwani kwa kempa, kwenda na kurudi siku moja

Ukiwa na kempa, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, milimani usihesabu kilomita, hesabu saa. Njia ya kilomita 150, ambayo kwenye lami tambarare ungeimaliza kwa saa mbili, hapa inaweza kukuchukua tano kwa kona, changarawe na kusimama ili breki zipoe. Ondoka alfajiri, umalize mwinuko mkali kabla ya saa nne asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi. Pakua ramani kwenye simu mapema, maana mtandao hukatika mara tu unapoingia mabondeni, na mwachie mtu njia utakayopita na saa ya kurudi.

Tairi zikague jioni ya kuamkia safari, zikiwa baridi. Jaza upepo kwa kiwango cha kibandiko cha mlangoni, si kwa kukisia. Halafu tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho wa namba inayoanza kwa herufi DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kempa hukaa imeegeshwa miezi, kwa hiyo tairi zake huzeeka kabla ya kuisha meno, na tairi kuukuu yenye mzigo kwenye lami ya moto ndiyo hupasuka. Njiani kipimo kitapanda kwa sababu ya joto. Usitoe upepo, itapoa yenyewe.

Maji ya kunywa beba lita 4 kwa kila mtu, na lita 10 nyingine za rejeta na dharura, kwenye madumu, mbali na tangi la kuoshea vyombo. Lita moja ni kilo moja, basi yaweke chini, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiyapanga juu au nyuma kabisa, kempa itayumba kila kona.

Katika kupanda, shusha gia mapema kabla injini haijaanza kulalamika. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo kwenye mita 2,000 umebaki na nne kwa tano. Sindano ya joto ikianza kupanda, zima kiyoyozi na washa hita hadi mwisho. Mtateseka ndani, lakini joto la injini linapata pa kutokea. Isiposhuka, simama uelekeze pua kwenye upepo na uache injini ingurume taratibu. Kama maji yanavuja au mvuke unatoka, zima mara moja. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kikiwa cha moto: maji yaliyomo yamebanwa, yatakurukia usoni.

Hata hivyo kupanda kuna sindano ya kukuonya. Kushuka hakuna. Ingia mteremkoni kwa gia uliyopandia, au ya chini zaidi, uiache injini izuie gari. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti, punguza, kisha achia kabisa zipate hewa. Kuzigusa-gusa bila kuachia ndiko kunakozichoma. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halishiki, pedi zimeungua. Ikizama laini kama sifongo, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishafyonza unyevu huweza kushuka hadi 155, ndiyo sababu ya kuyabadilisha kila miaka miwili. Ukisikia harufu ya kuungua, simama nusu saa. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu na uache gia imeingia, maana diski zikipoa husinyaa na breki ya mkono inaweza kulegea. Usizimwagie maji, zitapinda au kupasuka.

Mchanga laini ukikuzuia, punguza upepo kwa theluthi, nenda polepole, kisha ujaze tena kabla ya lami. Pampu ya umeme wa gari ni ya lazima.

Korongo kavu lisikudanganye. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu, na maji yakakufikia chini ya jua kali. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuelesha gari dogo, na 60 huchukua hata makubwa. Maji yakipita, subiri yaishe.

Gesi ifunge kwenye mtungi kabla ya kuondoka. Friji ya gesi hupoza vizuri tu kempa ikiwa imelala sawa, basi egesha tambarare wakati wa chakula. Andika urefu wa kempa kwenda juu mbele ya dereva, pamoja na kila kilichofungwa juu ya paa. Miamba iliyojitokeza barabarani haina vibao.

Tangi la mafuta likifika nusu na hujavuka mlima, geuza. Giza likikukuta bado una mteremko mbele, usishuke: kitanda unacho. Lala kwenye kilima kidogo, nje ya korongo na mbali na ukuta wa miamba, na toa blanketi mapema, kwa kuwa jangwa hupoteza joto haraka jua likizama.