Somo: Viza ya mwanafunzi ya Uingereza, na pesa inayopaswa kulala siku 28

Habari za jioni, wanachama. Wiki hii nimepigiwa simu na wazazi watatu, mmoja wa Kondele, mmoja wa Mumias na mwingine wa Nakuru, na swali lao ni moja: mtoto amepata nafasi chuoni Uingereza, sasa tuanzie wapi? Nitapita njia nzima, ila nitakaa zaidi penye pesa. Ndipo vijana wetu wengi wanapokwama, na ndipo nilipokwama mimi.

Mara ya kwanza kuomba nilinyimwa. Chuo kilikuwa kimenikubali na pesa tulikuwa nazo. Lakini pesa ya kuonyesha kwa viza hutakiwa kukaa benki siku 28 bila kupungua, na siku ya 17 baba alitoa shilingi 40,000 kwenye akaunti ile tuzike shangazi, akazirudisha baada ya siku mbili. Angefanyaje, na msiba umefika nyumbani? Kosa lilikuwa langu: sikumweleza kwamba pesa ile haiguswi hata kwa mazishi. Salio lilishuka chini ya kiwango kwa siku mbili tu, na maombi yakakataliwa. Nikapoteza muhula mzima. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Majina kwanza

Kabla hujalipa chochote, tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE na pasipoti. Soma majina herufi kwa herufi. Kwetu huku ni kawaida mtoto kuitwa Wekesa kwenye cheti kimoja na Wekhesa kwenye kingine, au jina la nyanya kuwepo hapa na kukosekana pale. Rekebisha sasa, kwa sababu masahihisho huchukua muda. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, na alama za vidole unaweza kutoa katika ofisi za uhamiaji za Kisumu, Nakuru au Eldoret bila kwenda Nairobi.

Hatua ya 2: CAS

Ukishatimiza masharti ya chuo na kulipa malipo ya kwanza, chuo hukutolea CAS, yaani uthibitisho wake kwamba kimekupa nafasi ya kusoma. Hii ni nambari, si karatasi, na ina nguvu ya miezi sita. Pamoja nayo utapata maelezo yanayoonyesha karo ya mwaka na kiasi ulichokwisha kulipa. Hakikisha kila shilingi uliyolipa imeandikwa humo. Isipoandikwa, utatakiwa kuonyesha pesa hiyo mara ya pili.

Hatua ya 3: Pesa

Unatakiwa kuonyesha vitu viwili kwa pamoja: karo ya mwaka wa kwanza iliyobaki, na pesa ya kujikimu. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025, kujikimu ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisomea London na pauni 1,171 nje ya London, na huhesabiwa kwa miezi isiyozidi tisa. Kwa hiyo nje ya London ni pauni 10,539, London ni 13,761. Tuseme karo yako ni pauni 16,000 na umelipa 5,000, chuo kiko nje ya London. Zimebaki 11,000, ongeza 10,539, unapata pauni 21,539.

Pesa hiyo yote ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Na siku ya mwisho kwenye stetimenti ya benki isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 unapotuma maombi. Watu husubiri siku 28, wakapumzika, wakatuma maombi stetimenti ikiwa imechakaa.

Akaunti iwe ya nani? Yako, ya mzazi wako, au ya mlezi wako anayetambuliwa kisheria. Mjomba hakubaliki, hata kama ndiye aliyekulea na kukusomesha. Kaka mkubwa pia hakubaliki. Ikiwa ni ya mzazi, ambatanisha cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya kuruhusu pesa zitumike kwa masomo yako. Hapa majina yanarudi tena: mama akiwa na jina la ubini kwenye cheti chako na jina la mume kwenye benki, tia cheti cha ndoa.

Hati ya shamba si pesa. Hisa za sacco si pesa, kwa kuwa huwezi kuzitoa leo hii. Ng'ombe ndio kabisa, wauze kwanza. Kinachohesabika ni fedha iliyo benki unayoweza kuichukua wakati wowote.

Ukiweka shilingi, weka na ziada. Anayepima maombi atageuza shilingi kuwa pauni kwa viwango vya OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha, na sote tunakumbuka mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipokaribia shilingi 160. Aliyeweka kiasi kamili bila nyongeza anaweza kupungukiwa akiwa amelala kitandani.

Hatua ya 4: Kipimo cha kifua kikuu

Kwa kozi ya zaidi ya miezi sita, Mkenya lazima apimwe kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Yetu ni ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, Nairobi. Kipimo cha hospitali ya hapa nyumbani hakitakubaliwa, hata kiwe kizuri namna gani. Cheti kinadumu miezi sita.

Hatua ya 5: Fomu, ada na safari

Fomu hujazwa mtandaoni, na huwezi kuituma mapema zaidi ya miezi sita kabla ya kozi kuanza. Ada ya viza ilipandishwa hadi pauni 524 Aprili 2025, na Aprili ndio mwezi wao wa kupandisha, kwa hiyo angalia tena siku ya kulipa. Juu yake kuna ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka. Wengi hushtuka hapa: shahada ya uzamili ya miezi 12 hutozwa mwaka mmoja na nusu, pauni 1,164, kwa sababu viza huongezewa miezi kadhaa baada ya kozi.

Kisha unakwenda Nairobi kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Usipande basi la usiku kutoka Kisumu ukitegemea kufika asubuhi ile ile ya miadi. Nenda jana yake, lala kwa jamaa.

Jibu kwa kawaida huja ndani ya wiki tatu. Tangu Julai 2025 mwanafunzi hupewa viza ya kielektroniki badala ya stika, basi fungua mapema akaunti ya mtandaoni ya idara ya viza ya Uingereza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kondele: Mwalimu, tulifanya harambee ya mtoto. Pesa ziko kwa akaunti ya kaka yangu, ndiye mweka hazina. Ataandika barua.

Jibu: Mama, barua yake haitasaidia. Hamisheni zote leo ziingie akaunti yako au ya mtoto, na siku ya kwanza ya zile 28 ihesabiwe kuanzia hapo. Hifadhi daftari la harambee na risiti za benki, kwa maana pesa nyingi zikiingia ghafla wanaweza kuuliza zimetoka wapi.

Kijana wa Kakamega: Wazazi wangu walifariki, nimelelewa na baba mdogo bila karatasi za korti.

Jibu: Pole sana, mdogo wangu. Usihangaike na korti sasa. Baba mdogo akuwekee pesa kwenye akaunti yenye jina lako mwenyewe, zilale siku 28.

Mwalimu wa Nakuru: Naenda kufanya uzamili. Naweza kwenda na mke na mtoto?

Jibu: Kwa uzamili wa darasani hapana, tangu Januari 2024. Wanaoruhusiwa ni wa uzamivu na uzamili wa utafiti. Zungumzeni nyumbani kabla hujalipa malipo ya kwanza, mwalimu. Na usiipangie karo pesa ya vibarua. Muhula ukiendelea mwisho ni saa 20 kwa wiki.

Dada wa Eldoret: Kuna ajenti anataka 150,000 anipatie CAS na stetimenti.

Jibu: Dada, ondoka hapo. CAS hutolewa na chuo chenyewe, na stetimenti ya kughushi inaweza kukufungia mlango wa Uingereza miaka kumi. Karo ilipe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Nyinyi wa Uasin Gishu mliona 2023 wazazi wakiandamana kudai pesa za mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada. Pesa ikipita mikono mingine, ni vigumu kuifuata.

Mdau wa Mumias: Nikinyimwa, pesa zinarudi?

Jibu: Ada ya afya inarudi, ya viza hairudi. Ukiona wao ndio waliokosea, una siku 28 za kuomba uamuzi upitiwe upya ukiwa hapa nchini. Kosa likiwa lako, kama lilivyokuwa langu, omba upya, na uanze kwa kuomba chuo CAS nyingine, kwa sababu ile ya kwanza imeshatumika.