Ukolezi wa asidi na utepe wa magnesiamu: ifanye hii praktikali hivi mpaka namba zikubali

Wadogo zangu wa kidato cha tatu na cha nne, na walimu wenzangu mnaoanza kazi, hii praktikali kila mtu anajua jibu lake kabla hata hajashika bika, asidi ikikolea mmenyuko unaenda kasi, basi. Shida ni kwamba ukiifanya vibaya namba zinakataa, halafu mwanafunzi anaanza kuzipika ili zifanane na kitabu. Mimi niko maabara kila siku na nimeona namba zikikataa kwa sababu zilezile mbili, uchafu kwenye utepe na ujazo wa asidi, kwahiyo hapo ndo nitakaa sana.

Hatua ya 1: vitu. Utepe wa magnesiamu, msasa laini, rula, mkasi, asidi ya haidrokloriki, maji, silinda mbili za kupimia (moja ya asidi, moja ya maji, usichanganye), bika tano za mililita 100, kipimajoto, fimbo ya kioo, na stopwochi, ya kwenye simu inatosha kabisa. Miwani ya maabara sio ya hiari. Fungua madirisha na hakikisha hakuna moto karibu, gesi inayotoka ni haidrojeni na inawaka.

Hatua ya 2: asidi. Ile ya chupa ya dukani huwa ni karibu 12M (M ni moli kwa lita, moli ni kipimo cha wingi wa chembe), hiyo haimgusi mwanafunzi, mwalimu ndo anaizimua. Kupata lita moja ya 2M unahitaji mililita 167 hivi, na unaanza na MAJI kwenye chombo, kama nusu lita, unamimina asidi taratibu huku unakoroga, ikipoa unajazia maji mpaka lita itimie. Usigeuze, ukimimina maji juu ya asidi kali joto linapanda pale pale na inakurukia usoni.

Kutoka kwenye hiyo 2M tunatengeneza tano, na zote zinaisha na mililita 50:

asidi 50, maji 0 = 2M
asidi 40, maji 10 = 1.6M
asidi 30, maji 20 = 1.2M
asidi 20, maji 30 = 0.8M
asidi 10, maji 40 = 0.4M

Kwanini 50 na sio 10 kwenye testi tyubu kama wengi wanavyofanya ili kubana asidi? Twende na hesabu kidogo. Utepe wa kawaida, mita moja ina karibu gramu 1, kwahiyo sentimita 3 ni gramu 0.03, yani moli 0.00125, na kila moli moja ya magnesiamu inakula moli mbili za asidi. Sasa ukiweka mililita 10 tu za 0.4M, magnesiamu inamaliza zaidi ya nusu ya asidi yote, manake ulianza na 0.4M ukamaliza na kitu kama 0.15M, hapo unapima ukolezi gani sasa? Na joto nalo. Huu mmenyuko unatoa joto, kwenye mililita 10 utepe huo unaweza kupandisha kama nyuzi 14, na joto lenyewe linaongeza kasi, kwahiyo unakuwa umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Kwenye mililita 50 joto linapanda kama nyuzi 3 tu, na hata ile ya 0.4M inapungua asilimia 12 hivi. Asidi inatumika nyingi ndio, lakini majibu yanakuwa ya kweli, na mimi naona bora ufanye mara chache ukapata kitu cha kueleweka.

Hatua ya 3: utepe. Huku pwani hewa ina unyevu, rola ikishafunguliwa ikakaa miezi kadhaa inafanya ukungu wa kijivu, hiyo ni oksaidi, yani magnesiamu iliyoungana na oksijeni ya hewani. Ukitumbukiza hivyo hivyo, asidi inaanza kwanza kula ule ukungu, mapovu hayatoki vizuri, na stopwochi yako inaendelea kuhesabu. Mwaka wangu wa kwanza kazini kundi moja lilipata 1.2M inachelewa kuliko 0.8M, tukarudia mara mbili, nikawaza labda asidi ina shida, kumbe kipande cha 1.2M kilikatwa mwanzo wa rola pale palipochafuka na hakuna aliyekisugua. Toka siku hiyo utepe wote unapigwa msasa pande mbili mpaka ung'ae kama sufuria mpya, unafutwa kwa tishu kavu, NDIPO unakatwa sentimita 3, vipande vyote kutoka rola moja. Kata 15, vitatu kwa kila bika.

Hatua ya 4: kupima. Andika kwanza joto la asidi, bika zote ziwe sawa. Kunja utepe kidogo kama herufi V, dondosha, washa stopwochi hapo hapo. Sasa angalia kwa makini: mapovu yanaushika utepe na kuunyanyua juu, unazunguka zunguka, na mara nyingine kipande kinapanda na kunata ukutani mwa bika juu ya asidi, kinakaa pale kikavu huku sekunde zinaenda. Kisukume chini kwa fimbo ya kioo taratibu, na usikoroge bika moja ukaacha nyingine. Zima stopwochi utepe ukishapotea kabisa. Kwenye 2M inakuwa fasta sana, kufumba na kufumbua umechelewa, kwahiyo mmoja adondoshe mwingine ashike saa. Kwenye 0.4M uwe na subira, ni dakika kadhaa. Kila ukolezi rudia mara tatu kwa asidi mpya, chukua wastani.

Hatua ya 5: hesabu. Muda mfupi ni kasi kubwa, kwahiyo kasi tunaichukua 1000 gawanya kwa muda. Ukipata sekunde 25, kasi ni 40, ukipata sekunde 200, kasi ni 5. Chora grafu, ukolezi chini, kasi pembeni, mstari unapanda. Usishangae ukijipinda kwenda juu badala ya kunyooka, yale mapovu mengi ya 2M yanaikoroga asidi yenyewe na lile joto kidogo bado lipo. Andika ulichopata.

Kwanini inakuwa hivi? Mmenyuko unatokea pale chembe za asidi zinapogonga uso wa utepe. Pita Kariakoo saa kumi na mbili asubuhi halafu upite saa sita mchana, mwendo wako ni ule ule ila mchana unagongana na watu kila hatua. 2M ni Kariakoo ya mchana. Na hapa wengi wanachanganya ukolezi na ujazo: chai ya kikombe na chai ya sufuria kama sukari imekolea sawa utamu ni ule ule. Wafanyie wanafunzi hii, 1M mililita 50 na 1M mililita 100, vipande sawa, watoe macho waone muda unakaribiana.

Ukimaliza usimwage asidi kwenye sinki hivi hivi. Kusanya yote kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, nyunyiza magadi kidogo kidogo, itatoa povu kwa kelele, endelea mpaka povu ligome, ndo umwage na maji mengi.