Holland Lop: kuanzia kuchagua wazazi hadi meza ya mwamuzi

Kwanza hakikisha unajua unafuga sungura gani. Mwongozo huu ni wa Holland Lop wa Marekani (lop ni sungura wa masikio yanayoning'inia), kwa kanuni za mashindano za ARBA, chama cha wafugaji wa sungura cha Marekani: mwisho wa uzito ni pauni 4, yaani kilo 1.8. Uingereza sungura huyo huyo huitwa Miniature Lop na hapaswi kuzidi kilo 1.6. Kwa hiyo Mmarekani wa kilo 1.8 akifika Uingereza ni mzito mno kwa Miniature Lop, na bado ni mwepesi kwa Dwarf Lop anayeanzia kilo 1.93. Yule anayeitwa Mini Lop Marekani ni aina nyingine kabisa, asili yake Ujerumani, na hukaribia kilo 3. Anayenunua kwa jina bila kuuliza uzito hupokea mnyama asiyemtaka.

Hatua ya 1: Wazazi

Hapa ndipo wengi hupotezea mwaka mzima, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anayeanza hutaka jike dogo, kichwa mviringo, masikio mafupi, kama walioshinda. Huyo mwache aende mezani. Wa kuzalisha mtafute aliyezidi kilo 1.8 kidogo: mwili mfupi, mabega mapana, nyonga pana za duara, mifupa minene. Kwa kuwa haruhusiwi kushindana, wafugaji humuuza kwa bei nafuu, na wengi hawajui kwamba wanauza nguzo ya banda lao.

Sababu ni jeni. Sungura mdogo halisi ana nakala moja ya jeni ya udogo na moja ya kawaida. Anayerithi nakala mbili za udogo haishi: huzaliwa kama nusu ya wenzake, kichwa kikubwa, sehemu ya nyuma imesinyaa, na hufa ndani ya siku chache hata umhangaikie vipi. Asiyerithi hata moja ndiye huyo mkubwa.

Sasa piga hesabu. Mdogo kwa mdogo, kati ya watoto 4 kwa wastani 1 atakufa, 2 watakuwa wadogo, 1 mkubwa. Mdogo kwa mkubwa: 2 wadogo, 2 wakubwa, na hakuna anayekufa kwa jeni hiyo. Wadogo ni wale wale 2! Kuwapandisha wadogo wawili hakukuongezei hata mmoja wa kuonyesha, kunakupa maiti tu. Tena jike mdogo ana njia nyembamba ya uzazi, na watoto wa aina hii wana vichwa vikubwa.

Tahadhari zake:

- Wastani ni wa mizao mingi. Holland Lop huzaa watoto 2 hadi 4, kwa hiyo mzao mmoja unaweza kutoka wakubwa watupu. Usimuuze jike kwa hilo.
- Mkubwa kwa mkubwa hatoi mdogo kamwe.
- Ukubwa peke yake si sifa. Mkubwa mwenye mwili mrefu na mabega membamba atakuzalia wadogo wenye mwili mrefu na mabega membamba.
- Dume awe mdogo halisi, tena bora kuliko majike yako yote, maana yeye mmoja atapanda wengi. Fedha zako ziende kwake.
- Watoto wakubwa mara nyingi hujulikana tangu kuzaliwa kwa kulinganisha, lakini usihukumu umbo kabla ya miezi 4. Kati ya wiki ya 10 na mwezi wa 4 karibu wote huonekana vibaya.

Angalia meno pia: ya juu lazima yapite mbele ya ya chini. Meno yaliyopishana vibaya humwondoa sungura mashindanoni, na kasoro hiyo mara nyingi hurithiwa.

Hatua ya 2: Kupandisha

Jike awe na miezi 6, na mimba ya kwanza isisubiri hadi apite mwaka. Mpeleke yeye kwa dume. Ukifanya kinyume atalinda kizimba chake kwa meno. Dume akimaliza huanguka ubavu. Rudia baada ya saa chache, kwa sababu kupandwa ndiko kunakoteremsha mayai, saa 10 hivi baadaye.

Pandisha majike wawili siku moja, kila mara. Mmoja akikosa maziwa au akizaa mtoto mmoja tu, una pa kuwahamishia.

Joto la nyuzi 30 kwa siku kadhaa linaweza kumfanya dume awe tasa kwa wiki kadhaa. Kwa wenye mabanda Texas, Mombasa au Muscat: chupa ya maji yaliyogandishwa ndani ya kizimba, na kupandisha kupangwe kwa majira ya baridi.

Hatua ya 3: Kuzaa

Siku ya 28 weka sanduku la mbao la kuzalia, karibu sentimita 35 kwa 20 kwa 20, lijazwe nyasi kavu. Ukiliweka mapema atalifanya choo. Huzaa siku ya 31 hivi. Ikipita ya 32 bila kitu, mpigie daktari wa mifugo, maana mara nyingi ni mtoto mmoja aliyekua mno.

Mtoto aliyepoa mpashe moto kwanza mwilini mwako, ndipo umrudishe. Usimpe maziwa akiwa baridi. Mama hunyonyesha kama mara moja kwa siku, dakika chache, kwa hiyo usimwone mbaya kwa kuwa hakai na watoto. Tazama matumbo: ya mviringo, ameshiba, yenye mikunjo, mhamishe kwa jike wa pili.

Hatua ya 4: Tatuu

ARBA hutaka namba ya kudumu kwenye sikio la kushoto. La kushoto la sungura, si la kwako unapomtazama. La kulia limetengwa kwa ajili ya usajili. Fanya hivyo akiwa na wiki 8 hivi, kabla ya kutenganisha ndugu.

Koleo la kubana linauzwa kila mahali na silipendi: sikio la lop ni nene, sindano hazifiki sawasawa, na namba hufifia. Tumia kalamu ya umeme. Mfunge kwa taulo, futa sikio kwa spiriti, paka mafuta mepesi ya mgando ili wino usichafue manyoya, andika ukiikwepa mishipa.

Hatua ya 5: Mezani

Kuanzia wiki ya 8 mweke juu ya zulia dakika mbili tatu kila siku. Miguu ya mbele iguse meza kwa wepesi, ya nyuma chini ya nyonga, kisha inua kichwa polepole kwa kidole chini ya kidevu. Usimbane awe mpira. Mwamuzi anataka kuona kichwa juu na mabega.

Chini ya miezi 6 hushindana kama kijana, na lazima afikie pauni 2, yaani kilo 0.9. Kuanzia miezi 6 hushindana kama aliyekomaa. Wa rangi moja na wa mabaka hushindana kando.

Mpime nyumbani siku moja kabla. Aliyezidi gramu chache usimshindishe njaa, utumbo wa sungura husimama upesi. Kata kucha. Kwa wa rangi moja asiye mweupe, kagua kila ukucha: mmoja mweupe unatosha kumwondoa. Manyoya yapitishie mikono yenye maji kidogo tu. Poda au rangi ni kufukuzwa. Anayenyonyoka manyoya abaki nyumbani.

Ushindi huhesabiwa kuelekea ubingwa mkuu ikiwa kundi lilikuwa na sungura wasiopungua 5 wa washindani wasiopungua 3. Zinahitajika shahada 3 za ushindi wa namna hiyo, za waamuzi wasiopungua 2 tofauti, angalau moja ipatikane akiwa amekomaa, na awe amesajiliwa. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya kuingia, muulize katibu wa maonyesho ni Holland Lop wangapi waliojiandikisha.