Kabla ya kufunga SSH kwenye seva ya Ubuntu

Seva ikishapata anwani ya IP ya umma, haikai muda mrefu kabla roboti za mtandaoni hazijaanza kugonga porti 22, mlango wa SSH (njia ya kuingia na kuendesha seva ukiwa mbali), zikijaribu jina la root (mtumiaji mkuu wa seva) na nywila za kubahatisha. Hofu hiyo huwafanya watu wafunge kila kitu haraka, kisha wakajikuta wamejifungia nje. Usikimbilie. Kwanza ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyokukodisha seva, fungua konsoli ya dharura, uhakikishe una nywila inayokubali hapo. Konsoli haipitii SSH, hivyo ukiharibu mipangilio ndiyo itakayokurudisha ndani.

Chagua toleo la LTS, yaani linalotunzwa kwa muda mrefu. Ubuntu 24.04 hupata masasisho ya usalama hadi 2029; matoleo yasiyo ya LTS huachwa baada ya miezi 9.

Kwenye kompyuta yako tengeneza jozi ya funguo, mmoja wa siri na mmoja wa umma, kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uuwekee ule wa siri kaulisiri, kisha uhifadhi nakala ya ufunguo wa siri mahali pengine salama. Laptopu ikiibiwa baada ya kuzima kuingia kwa nywila, nakala hiyo utaihitaji siku hiyohiyo.

Ndani ya seva anza na `apt update && apt upgrade`, halafu `adduser juma` (juma ni jina la mfano) na `usermod -aG sudo juma`, inayomtia kwenye kundi linaloruhusiwa kutumia mamlaka ya root. Usisahau ile `a`: bila hiyo mtumiaji huondolewa kwenye makundi yake mengine ya ziada. Weka ufunguo wa umma kwenye `/home/juma/.ssh/authorized_keys`. Folda ya `.ssh` iwe na ruhusa 700, faili 600, na vyote viwe mali ya juma, si root. Wengi hukwama hapa, kwa sababu SSH hukataa ufunguo bila kumweleza anayeingia sababu; maelezo yako kwenye `journalctl -u ssh`.

Sasa fungua terminali ya pili, uingie kama juma, ujaribu `sudo whoami`. Ikijibu root, endelea. Ile ya kwanza iache wazi mpaka mwisho.

Mtego mkubwa uko kwenye `/etc/ssh/sshd_config.d/`. Faili za humo husomwa kabla ya `sshd_config` yenyewe, na thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshika. Mara nyingi kuna `50-cloud-init.conf` yenye `PasswordAuthentication yes`, hivyo unabadilisha faili kuu na nywila zinaendelea kukubaliwa bila wewe kujua. Andika yako, `01-usalama.conf`, yenye `PermitRootLogin no` na `PasswordAuthentication no`. Kagua makosa kwa `sudo sshd -t`, anzisha upya ssh, kisha soma hali halisi kwa `sudo sshd -T`.

Kwa ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu unaochagua porti zipi zifunguliwe, `ufw allow OpenSSH` itangulie `ufw enable`, kamwe isiwe kinyume. Wanaotumia Docker, inayoendesha programu ndani ya makontena, wajue kwamba porti inayotangazwa kwa `-p 5432:5432` (mfano wa hifadhidata ya PostgreSQL) huipita ufw, kwa kuwa Docker huandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha Linux. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`, la sivyo hifadhidata yako iko wazi kwa dunia nzima.

Masasisho ya usalama huingia yenyewe kupitia unattended-upgrades, lakini kerneli (kiini cha mfumo) mpya haifanyi kazi mpaka seva iwashwe upya. Faili `/var/run/reboot-required` ikiwepo, panga saa ya kuiwasha. Nakala za data nazo zisikae kwenye akaunti ileile ya seva, na jaribu kuzirejesha kwenye mashine nyingine kabla hujawakaribisha watumiaji.