Jinsi ya kupata msamaha wa VAT ukifunga sola nyumbani, Arusha na Moshi

Watu wengi wanauliza fomu ya kuomba msamaha wa kodi ya sola inachukuliwa wapi, TRA au halmashauri. Kwa mtu wa kawaida anayefunga nyumbani kwake hakuna fomu, msamaha umeshaandikwa ndani ya Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2014, kazi yako ni kuhakikisha unaupata pale dukani au mpakani, maana ukizubaa unalipa VAT kwa kitu ambacho sheria imeshakisamehe.

Kwanza jua vilivyosamehewa: paneli, chaji kontrola (kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri), inveta ya sola, betri ya sola, taa za sola na zile koleta za mirija za kuchemshia maji ya kuoga, na kwa baridi ya Arusha mwezi wa saba hizo nakushauri sana uzifikirie. Nyaya, breka, vyuma vya kushikia paneli juu ya bati, friji na tv havimo, vinakatwa VAT kama kawaida. Betri ya gari nayo sio betri ya sola hata fundi akikwambia ni kitu kimoja, na inakufa mapema.

Ukifika dukani omba proforma, yaani ankara ya bei unayopewa kabla ya kulipa, inayoonesha kila kifaa na bei yake peke yake. Hapa ndo watu wanaumia. Kuna jirani yetu wa Sakina aliandikiwa "seti kamili ya sola" kwa bei moja alafu VAT ikapigwa juu ya seti nzima, paneli humohumo. Chukua mfano: paneli, inveta na betri ni 3,000,000, nyaya na breka 400,000. VAT halali ni ya hiyo laki nne tu, kwa 18% ni 72,000. Ikipigwa kwenye jumla yote inakuwa 612,000. Umepoteza 540,000 kwa sababu tu karatasi haikuchambuliwa!

Angalia pia kama muuzaji ana VRN, ile namba ya usajili wa VAT. Tangu Julai 2023 anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo kuanzia milioni 200 kwa mwaka, kwahiyo maduka mengi madogo hayamo, na asiyesajiliwa haruhusiwi kukuchaji VAT hata senti. Ila kampuni iliyosajiliwa ikikutoza VAT kwenye ufundi usigombane nao, msamaha ni wa vifaa, kazi ya kufunga haimo.

Ukishalipa dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, palepale, usikubali ya mkono, na usiangalie jumla tu, soma mstari wa kodi uulinganishe na proforma. Kama haviendani warekebishe kabla hujatoka, kesho itakuwa mlolongo. Kuihakiki unaskani ile QR kwa simu au unaingiza namba ya uhakiki iliyo kwenye risiti kwenye verify.tra.go.tz, dakika moja umemaliza.

Sasa wale mnaoagiza nje, au mnaonunua Nairobi na kupitisha Namanga au Holili. Utahitaji TIN, namba ya mlipakodi, unaipata bure kwa namba ya NIDA, na wakala wa forodha mwenye leseni. Mpe invoisi iliyochambuliwa kifaa kwa kifaa pamoja na karatasi ya maelezo ya kiufundi inayoonesha wazi kwamba betri na inveta ni za sola, afisa hawezi kukisia. Mwambie wakala mapema kwamba unataka msamaha wa VAT na pia wa ushuru wa forodha, huu wa ushuru uko kwenye Jedwali la Tano la sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, unagusa vifaa maalum vya sola pamoja na betri za diipu saiko, zile zinazovumilia kutumika hadi chini na kuchajiwa tena. Kabla hujalipa chochote omba kuiona TANSAD, ile fomu ya tamko la forodha inayoonesha kodi zako, upitie mstari kwa mstari, ukikuta VAT kwenye paneli simamisha hapohapo. Tozo ndogondogo za forodha zitabaki, hizo lipa. Na msidanganyane kwamba paneli ya China ikinunuliwa Nairobi inakuwa bidhaa ya Afrika Mashariki ya kusamehewa ushuru, cheti cha asili kinaangalia bidhaa imetengenezwa wapi, hakitolewi kwa duka ulilonunulia.

Muuzaji aking'ang'ania, nenda ofisi ya TRA na proforma yako, uliza watu wa elimu kwa mlipakodi, huduma ni bure. Nenda kabla ya kulipa. Na kumbuka Sheria ya Fedha inabadilika kila tarehe 1 Julai, kwahiyo kama proforma ni ya mwezi wa sita na unalipa mwezi wa saba, iulizie upya.