Kabla Hujamnunulia Mtoto Simu

Karibu kila mzazi huanza kwa kuuliza mtoto awe na umri gani, na katika maswali yote hilo ndilo linalomsaidia kidogo zaidi. Anataka atajiwe namba ili mjadala uishe. Namba inayosikika sana ni 13, kwa sababu WhatsApp, TikTok, Instagram na Facebook zinataka mtumiaji awe amefikisha miaka hiyo. Lakini 13 haikupangwa na daktari wa watoto wala mwalimu. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayozikataza kampuni za mtandaoni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi ziliona ni rahisi kumfungia mtoto mlango kuliko kumtafuta mzazi wake. Australia wamepandisha: tangu tarehe 10 Desemba 2025 mitandao mikubwa ya kijamii hairuhusiwi kumwachia mtu wa chini ya miaka 16 awe na akaunti. Kwa hiyo ukitajiwa namba, uliza kwanza imetoka wapi.

Hapa Tanzania kinachoamua zaidi ni kalenda ya shule. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kidato cha kwanza huanza Januari, na katikati hapo mtoto yupo nyumbani hana daftari wala kengele. Ndiyo miezi ya "baba, uliniahidi nikifaulu". Mimi ahadi hiyo siipendi. Zawadi ya kufaulu ni mali ya aliyefaulu, ukitaka baadaye kuiwekea masharti, utaambiwa "si ulinipa mwenyewe?" na hutakuwa na jibu. Kama simu lazima itolewe, itolewe kama kifaa cha nyumba alichokabidhiwa yeye, na hilo lisemwe siku hiyohiyo, kabla hajalitoa boksi kwenye mfuko.

Kisha ujue simu inakwenda kufanya kazi gani. Mtoto wa shule ya kutwa anayepanda daladala mbili na kufika nyumbani wewe ukiwa bado kazini ana sababu ya msingi: akikwama kituoni akupigie. Kazi hiyo kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, kinaiweza, tena chaji yake inakaa siku kadhaa na hakuna kibaka anayekihangaikia. Anayekwenda bweni ni habari nyingine, maana shule nyingi za bweni haziruhusu simu kabisa. Utanunua kitu cha kukaa kabatini kwako hadi likizo. Kazi za likizo nazo, walimu wengi huzituma kwenye kundi la wazazi, kwa hiyo zinasomeka kwenye simu yako. Sababu ya "wenzangu wote wanazo" mwombe aitaje kwa majina. Mara nyingi hao wote huishia watatu, na mmoja wao anatumia ya dada yake.

Halafu ukumbuke kwamba mtoto huyu si mgeni wa simu. Ameshaishika ya mama tangu hajui kusoma. Hapo ndipo pa kumwangalia, bila kumwambia kwamba unamwangalia. Ukisema "lete", analeta, au kuna vita? Anajua namba yako ya siri ya pesa? (Wengi wanaijua. Ibadilishe leo.) Zaidi ya yote, akikutana na kitu kisicho cha kawaida anafanya nini? Chukua ule ujumbe ambao karibu kila mwenye laini ameshaupata: "Ile pesa itume kwenye namba hii". Mtoto mmoja ataileta simu jikoni na kuuliza, "Mama, huyu nani anayekudai?" Mwingine atajibu mwenyewe, "hela gani?", na kuanza maongezi. Wa kwanza, hata akiwa na miaka 12, unaweza kuanza naye. Wa pili bado, hata kama ndevu zimeanza kuota. Na kwa kuwa ujumbe umeshakuja, mfundishe palepale: hatujibu, tunautuma kwenda 15040, kisha tunaufuta.

Kuanzia kwenye kipimo hicho, mimi ningeanza na kitochi na kukitazama kwa muhula mmoja. Anakumbuka kukichaji? Salio la wiki linafika Ijumaa? Anapokea ukimpigia, au kila siku "kilikuwa kwenye begi"? Aliyepoteza kitochi mara mbili hajajiandaa kwa simu ya kupangusa ya laki tatu.

Jambo la vocha wazazi wengi hulipita juujuu, na kwangu ndilo zito kuliko picha mbaya na michezo ya kwenye simu. Simu bila bando ni kioo tu, na mtoto asiye na kipato atalitafuta bando. Ataomba kwa binamu, kwa shangazi, kisha siku moja kwa mtu ambaye wewe humjui. "Nirushie hata MB" ni sentensi nyepesi kuandika. Mwanamume mzima anayemrushia binti wa kidato cha pili vocha ya elfu moja kila Jumamosi hafanyi hivyo kwa huruma, na binti mwenyewe huanza kujiona ana deni kabla hajaelewa ni deni la nini. Kwa hiyo kabla hujanunua simu, panga bando: kiasi gani, kila lini, nani anaweka. Kidogo kinachokuja kwa uhakika ni bora kuliko kingi cha kubahatisha. Sheria ya nyumba iwe wazi kwamba vocha inatoka kwa baba, mama au mtu waliyemtaja wao, na yeyote mwingine akirusha, mtoto anasema siku hiyohiyo naye hagombezwi kwa kusema.

Hapohapo kuna upande wa pili, nao unanifanya nisiwaunge mkono wanaosema "simu mpaka umalize kidato cha nne" bila kuangalia nyumba ikoje. Binti anayenyimwa hata kitochi hadi miaka 17, huku anaishi mbali na shule, anaweza kununuliwa simu na mtu mwingine. Ukikuta simu chini ya godoro, swali la kwanza liwe nani kainunua. Kosa la kuificha litasubiri.

Tukija kwenye laini. Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, na mtoto hana kitambulisho hicho, kwa hiyo mzazi ndiye anayeisajili. Maana yake kila kitakachofanyika kupitia laini ile kina jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna wazazi watakaokuta laini wasiyoikumbuka. Kama mtoto hana haja ya kupokea pesa, usimfungulie akaunti ya pesa. Mwambie pia asiguse menyu ya kukopa salio, kwa kuwa deni lake utalikuta wewe ukiweka vocha. Kwa wavulana, kuna kubeti. Sheria inataka miaka 18, lakini laini iliyo kwa jina la baba inaonekana ni ya mtu mzima, na mkeka wa shilingi mia tano unawekwa wakati wa mapumziko ya chai.

Liko pia jambo la picha. Mpe mfano ulio wazi: mwenzako darasani ametumiwa picha ya utupu ya msichana wa kidato cha tatu, naye kaiweka kwenye kundi. Ukiisambaza, umefanya nini? Kwa wao ni utani wa siku moja. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa la jinai, na anayesambaza kuwa naye ni mwanafunzi hakuifanyi picha ile iwe utani. Mweleze hivyo kabla hajaingia kundi lolote, asije akayasikia kwa mara ya kwanza kwa mwalimu wa nidhamu.

Simu yenyewe, kama ni iliyokwisha kutumiwa na mtu, usiinunue barabarani kwa aliyekunong'oneza bei. Nunua dukani upewe risiti, bonyeza *#06# uandike mahali IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kisha irudishe ilivyotoka kiwandani ili akaunti, picha na maongezi ya mwenye nayo wa zamani yasibaki.

Siku ya kuiwasha, kaeni wawili. Kwenye Android kuna Family Link, ambayo ni ya bure: unapanga saa ya simu kujifunga usiku, unaidhinisha programu kabla hazijapakuliwa, unaona muda uliotumika. Haisomi meseji za WhatsApp, kwa hiyo usijidanganye kwamba unaona kila kitu. Ndani ya WhatsApp, kwenye faragha, weka kwamba wanaoweza kumwingiza kwenye makundi ni watu alionao kwenye orodha yake tu. Na mwaka wa kuzaliwa uandikwe wa kweli. Watoto hujiandika wamezaliwa 1999 ili wapite, na wazazi wengine ndio wanaowasaidia kuandika. TikTok, kwa mfano, humzuia aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha. Ukimwandika mtu mzima umeuondoa ulinzi huo wewe mwenyewe.

Simu ilale sebuleni, na hilo halihitaji maelezo marefu. Ila kama ya baba inalala chini ya mto ikiwaka mpaka saa saba, sheria hiyo haitafika mwisho wa mwezi.

Limebaki moja la kuamua mapema, tena mkubaliane wazazi wote wawili au mlezi mnayesaidiana naye: siku mtoto akija na tatizo, mtafanya nini? Kwa hasira mzazi husema "lete hapa hiyo simu", na mtoto hujifunza kwamba ukisema unanyang'anywa. Mara ya pili hatasema. Basi mwahidini kwamba akija mwenyewe, simu haichukuliwi kama adhabu, na mtimize. Akija kusema kuna mtu anamtishia kusambaza picha yake kama hatatuma hela au picha nyingine, msilipe, msibishane na huyo mtu, wala msifute kitu: zile meseji, ile namba na lile jina la akaunti ndio ushahidi. Pigeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, kisha nendeni na simu hiyohiyo kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.